Vimeng'enya vinavyoshona tishu na saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila mtu huanza na swali moja: kwa nini uvimbe wa saratani huwa mgumu mkononi? Majibu ya ukurasa huu yanaanzia hapo. Yanapita kwenye kemia kidogo na kwenye dawa zilizojaribiwa, na katikati yake yanasimama kwenye kinywa cha mla tambuu, ambako habari hii inatugusa watu wa pwani kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani.

## Mambo ya msingi

1. Kimeng'enya kinachoshona tishu ni kitu gani?

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia mwilini. Seli za mwili zimekaa ndani ya kiunzi cha nyuzi za protini. Nyuzi nyingi ni za kolajeni. Kwenye mishipa ya damu, mapafu na ngozi kuna pia elastini, ambayo huvutika na kurudi. Seli hutengeneza nyuzi hizi na kuzitoa nje, na huko nje zinajipanga sambamba.

Nyuzi zilizopangwa tu hazina nguvu. Fikiria mkeka. Mama anasuka ukili siku nyingi, chane juu ya chane, na ukili wenyewe hata ukifika pima kumi bado ni utepe. Unakuwa mkeka pale unaposhonwa, ukingo kwa ukingo. Vimeng'enya tunavyovizungumzia hapa ndivyo washonaji: vinaunganisha uzi na uzi kwa vifungo vya kikemia ambavyo havifunguki kirahisi. Vifungo vikiwa vichache tishu inakuwa dhaifu na kupasuka. Vikizidi inakuwa ngumu kama kovu.

2. Vipo vingapi, na vinaitwaje?

Wakuu ni ukoo wa lisili oksidesi, wenye ndugu watano: LOX yenyewe, kisha LOXL1, LOXL2, LOXL3 na LOXL4. Katika saratani wanaotajwa zaidi ni LOX na LOXL2.

Wa pili ni transiglutaminesi 2, kwa kifupi TG2, anayetumia kalsiamu na kushona kwa mtindo mwingine (tazama swali la 9). Yupo pia lisili haidroksilesi 2. Huyu hashoni mwenyewe, ila huitayarisha kolajeni mapema, ikiwa bado ndani ya seli, na matayarisho yake ndiyo yanayoamua kama mshono utakaofuata utakuwa wa kawaida au wa aina ngumu isiyovunjika. Saratani ya mapafu imeonyeshwa kumtumia sana kwa sababu hiyo.

3. LOX inashonaje hasa?

Uzi wa kolajeni una asidi amino iitwayo lisini, yenye mkia unaoishia na nitrojeni. LOX, kwa msaada wa shaba iliyomo ndani yake na oksijeni, hung'oa nitrojeni hiyo. Panapobaki pengo panakuwa na aldehaidi, kemikali yenye hamu kubwa ya kushikana na jirani. Kazi ya kimeng'enya inaishia hapo. Kufunga fundo kunatokea kwenyewe: aldehaidi ya uzi huu inakamatana na lisini au aldehaidi ya uzi wa pili, na kadiri muda unavyopita kifungo kinakomaa na kukaza.

Kila tendo moja huacha masalia mawili, amonia na haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi hiyo ni ishara ambayo seli za jirani huisikia, na uvimbe hujifaidisha nayo.

Seli haitoi LOX ikiwa tayari kwa kazi. Huitoa ikiwa imefungwa kipande cha ziada, ambacho hukatwa nje ya seli na kimeng'enya kingine kiitwacho BMP-1. Kikumbuke kipande hicho, kina habari yake kwenye swali la 23.

4. Kwa hiyo hivi ni vimeng'enya vibaya?

Hapana, na hili ni muhimu kulielewa kabla ya kuuliza habari za dawa. Panya waliozaliwa bila jini la LOX (jini, au jeni, ni maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) hufa karibu na kuzaliwa: mshipa mkuu wa damu unatutumka na kupasuka, na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinachanika. Watoto wenye ugonjwa wa Menkes, ambao miili yao haisafirishi shaba inavyotakiwa, huwa na mishipa iliyopindapinda na dhaifu, na sababu mojawapo ni LOX iliyokosa shaba. Kuna pia familia ambazo hitilafu kwenye jini la LOX inawaletea kutanuka kwa mshipa mkuu wa kifuani.

Jambo hili lilionekana kwa wanyama kabla ya kimeng'enya chenyewe kujulikana. Wanyama waliolishwa mbegu za mmea wa Lathyrus odoratus walipinda mifupa na mishipa yao ikapasuka. Mbegu zile zina kemikali iitwayo BAPN, nayo huizima LOX kabisa. Tutaikuta tena kwenye dawa.

## Saratani inavyonufaika

5. Kwa nini uvimbe wa saratani ni mgumu?

Kwa sababu umezungukwa na kiunzi kilichoshonwa kupita kiasi. Seli za saratani huziamsha faibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi, kana kwamba pana kidonda kinachotaka kuzibwa. Faibroblasti zinamwaga kolajeni, LOX inaishona, nyuzi zilizokuwa zimejikunja zinanyooka na kukaza. Kidonda cha kweli hufika siku kikapona na kazi ikasimama. Hapa haisimami.

Tofauti inapimika. Katika vipimo vya panya vilivyochapishwa 2005, tezi ya maziwa iliyo salama ilikuwa na ugumu wa paskali zisizofika 200, na uvimbe wa saratani ulifika takriban 4000. Hiyo ni zaidi ya mara 20.

Lakini tafadhali usitumie kidole kama hakimu. Upo uvimbe mgumu usio saratani, na ipo saratani laini. Uvimbe wowote mpya kwenye titi upelekwe hospitali, uwe mgumu au laini, unauma au hauumi.

6. Ugumu ni dalili tu, au unausukuma ugonjwa?

Unausukuma. Hili ndilo jambo moja ambalo tungependa msomaji aondoke nalo, kwa sababu kwa miaka mingi ugumu ulichukuliwa kama alama tu ya kumwongoza daktari.

Ushahidi uliobadilisha mawazo ulitoka 2009, katika maabara ya Valerie Weaver huko San Francisco. Watafiti walichukua panya wanaopata saratani ya titi kwa urithi wakawazuilia LOX. Kolajeni ikabaki laini, na uvimbe ukachelewa na kupungua. Kisha wakafanya kinyume: wakaongeza kushonwa kwa kiunzi, na seli zilizokuwa zimetulia zikaanza kupenya tishu za jirani. Seli ni zilezile, kilichobadilika ni mahali zilipokaa.

Seli inajuaje kwamba imekaa pagumu? Ina vishikio kwenye ngozi yake vinavyoitwa integrini, na kwa vishikio hivyo kila wakati inavuta nyuzi inazozikanyaga. Mtu anayetembea kwenye mchanga mkavu wa ufukweni huzama, kila hatua inamchosha. Maji yakipwa, akashuka kwenye mchanga uliokazwa na mawimbi, anaweza kukimbia. Seli nayo ni hivyo. Penye ulaini, vishikio vinateleza na ishara inafifia. Penye ugumu vinakamata, vinakusanyika pamoja, vinaamsha protini iitwayo FAK, na ndani zaidi protini za YAP na TAZ zinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha majini ya kugawanyika na ya kutokufa.

Tena nyuzi zilizonyooka zinakuwa barabara. Kwenye hadubini huonekana zikitoka ukingoni mwa uvimbe kama miali, na seli za saratani zikiwa zimejipanga juu yake moja nyuma ya nyingine. Ukiiona picha hiyo mara moja huisahau.

7. Nani anaipa saratani LOX yote hiyo?

Wengi, lakini msukumo mkubwa ni kukosa hewa. Uvimbe unakua upesi kuliko mishipa ya damu, kwa hiyo sehemu za ndani zinabaki na oksijeni kidogo. Seli zikikosa oksijeni huwasha swichi iitwayo HIF-1, na LOX ni mojawapo ya majini yanayowashwa. Mwaka 2006 Janine Erler, Amato Giaccia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya titi na ya kichwa na shingo ambao uvimbe wao ulikuwa na LOX nyingi walikuwa na hali mbaya zaidi, na kwamba kuizima LOX kwa panya kulizuia saratani kusambaa.

Kuna mduara mbaya hapa. Kiunzi kigumu hubana mishipa midogo ya damu. Damu ikibanwa oksijeni inapungua, oksijeni ikipungua LOX inaongezeka, na kiunzi kinazidi kukaza. Dawa za saratani nazo hupita kwenye mishipa hiyohiyo iliyobanwa, ndiyo maana sehemu ya kati ya uvimbe mgumu huenda ikapata dozi ndogo kuliko unavyodhani.

8. LOX inasaidiaje saratani kufika mapafu au mifupa?

Inatangulia kuandaa mahali. LOX ikitoka kwenye uvimbe huingia kwenye damu, ikifika mapafuni inashona kolajeni iliyo chini ya kuta za mishipa. Ushonaji huo unavuta seli kutoka uboho wa mifupa, ambazo zikifika zinalainisha njia na kuita wengine. Seli ya saratani inapowasili inakuta kitanda kimekwishatandikwa. Kundi la Erler lilieleza hili 2009. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba aina ya saratani ya titi isiyo na vipokezi vya estrojeni hutumia LOX kutoboa vishimo kwenye mifupa kabla seli zenyewe hazijafika, na kwamba kwa panya dawa za kuimarisha mifupa za jamii ya bisfosfoneti zilipunguza madhara hayo.

9. TG2 ina tofauti gani na LOX?

TG2 huunganisha glutamini ya protini moja na lisini ya nyingine moja kwa moja, bila kupitia aldehaidi, na kifungo chake vimeng'enya vya kawaida vinavyokata protini havikiwezi. Ndugu yake, kigandisha damu namba 13, ndiye anayekaza donge la damu unapojikata kisu. TG2 hushona pia ndani ya kiunzi cha uvimbe, hasa kwenye kongosho, na ina kazi ndani ya seli zisizohusiana na kushona. Seli zenye TG2 nyingi mara nyingi huzizoea dawa za kemo. Wengine wanaijua kwa jambo jingine: ndiyo protini ambayo mwili wa mgonjwa wa siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, huishambulia.

10. Ni saratani zipi zinazohusika zaidi?

Kongosho iko mbele. Uvimbe wake mara nyingi ni kiunzi zaidi kuliko seli za saratani zenyewe. Zinafuata titi, ini, mapafu na kinywa. Kwenye ini njia ni ndefu: homa ya ini B au C, pombe au mafuta huleta makovu, makovu yanashonwa na LOX na LOXL2 mpaka ini linakuwa na sirosisi, na ndani ya ini la namna hiyo saratani hupata nafasi. Habari ya kinywa inataka sehemu yake peke yake.

## Kinywa, popoo na pwani yetu

11. Popoo inahusiana vipi na vimeng'enya hivi?

Kwa ukaribu sana. Ugonjwa unaoitwa faibrosisi ya chini ya utando wa kinywa, yaani kujaa nyuzi za kovu chini ya utando huo, ni karibu kama maonyesho ya wazi ya yote yaliyoelezwa hapo juu, na unatokana na kutafuna popoo, ile kokwa inayotiwa ndani ya tambuu. Katika maandishi ya kisasa ya udaktari ulielezwa mara ya kwanza 1952 na daktari aliyeitwa Schwartz, na wagonjwa wake hawakuwa wa mbali: walikuwa wanawake watano wenye asili ya India waliokuwa wakiishi Kenya.

Popoo inaushambulia utando wa mdomo kwa njia kadhaa kwa pamoja. Ina arekolini, ambayo huzichochea faibroblasti kutengeneza kolajeni. Ina tanini, zinazoifanya kolajeni isioze. Na ina shaba nyingi kuliko kokwa nyingi tunazokula, shaba inayoyeyukia kwenye mate na kubaki ikigusana na shavu kila siku. Ukikumbuka kwamba LOX inahitaji shaba, utaona balaa linavyokamilika: nyuzi nyingi, haziozi, na mshonaji amepewa vifaa. Uchunguzi wa vipande vya nyama kutoka kwa wagonjwa umekuta LOX ikiwa imeongezeka kweli.

12. Natafuna tambuu bila tumbaku. Si salama hiyo?

Hili huulizwa zaidi na kina mama, na tunaelewa kwa nini. Tambuu ni heshima: huletwa mbele ya mgeni kwenye sahani, hutembezwa harusini, na bibi mwenye kijaluba chake si mtu wa kuambiwa mambo ovyo. Tunaliandika jibu hili kwa adabu, lakini bila kulizungusha. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kwenye kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, katika tathmini iliyochapishwa 2004. Tumbaku ikiongezwa hatari inapanda zaidi. Chokaa nayo huchangia kwa kugeuza kemikali za popoo na kuunguza utando.

Pakiti ndogo za popoo iliyokatwakatwa, zenye sukari na harufu nzuri, zinazouzwa madukani karibu na shule, ni popoo ileile. Watoto huzichukua kama peremende.

13. Nitajuaje kama ugonjwa umeanza?

Dalili ya kwanza kwa wengi ni pilipili. Mtu aliyekuwa akila achari bila shida anaanza kuona mdomo unawaka kwa mchuzi wa kawaida. Baadaye utando wa ndani unapauka, unakuwa kama marumaru yenye mabaka. Ukipitisha kidole safi ndani ya shavu, badala ya utelezi laini unahisi mikanda iliyosimama wima, imekaza kama kamba ya tanga.

Kisha mdomo unaanza kukataa kufunguka. Kipimo rahisi cha nyumbani: simamisha vidole vitatu vya mkono wako mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, viwe kimoja juu ya kingine, ujaribu kuviingiza kati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida anaweza. Kama wewe hutafuna popoo na vinaingia viwili tu, nenda kwa daktari wa kinywa na meno wiki hii. Usingoje maumivu.

14. Nikiacha, kinywa kitarudi?

Kuacha kunasaidia, kwa sababu kichocheo kinaondoka. Mikanda iliyokwishashonwa haifumuki yenyewe. Madaktari hutumia mazoezi ya kupanua mdomo, sindano za steroidi na za kimeng'enya cha haluronidesi, na wakati mwingine upasuaji wa kukata mikanda. Waliochelewa sana hufikia kula kwa mrija.

Hatari kubwa zaidi ni saratani. Huko India wagonjwa 66 walifuatiliwa hadi miaka 17, na asilimia 7.6 yao walipata saratani ya kinywa. Kwa hiyo aliyeacha aendelee kuchunguzwa kinywa, maana mabadiliko ya seli yanaweza kuwa yalikwishaanza.

## Dawa

15. Kuna dawa ya kuizuia LOX?

Kwa saratani, hakuna iliyoingia kwenye matibabu ya kawaida. BAPN, ile ya mbegu za swali la 4, inafanya kazi vizuri kwenye panya lakini ina sumu inayoifanya isifae kwa wagonjwa.

Matumaini makubwa yalikuwa kwa kingamwili iitwayo simtuzumabu, inayoilenga LOXL2. Matokeo ya wanyama yalichapishwa 2010 yakiwa mazuri sana, na mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ya Gilead ilitangaza kuinunua Arresto, kampuni ndogo iliyoitengeneza, kwa dola milioni 225. Ikajaribiwa pamoja na kemo kwa saratani ya kongosho, ikajaribiwa kwa saratani ya utumbo mpana, na kwa makovu ya mapafu kwa wagonjwa 544. Matokeo yalitoka 2017. Hakuna kundi lililofaidika.

16. Kwa nini ilishindwa, kama nadharia ni ya kweli?

Sababu zinazotajwa ni kadhaa na zinaeleweka. Simtuzumabu hushika LOXL2 pembeni, mbali na sehemu ya kimeng'enya inayofanya kazi, kwa hiyo haikizimi kabisa. LOXL2 ina ndugu wanne wanaoweza kushika sindano yeye akizuiwa. Sehemu ya LOXL2 hufanya kazi ndani ya seli, kwenye kiini, ambako kingamwili haiingii. Na wagonjwa walioingia kwenye majaribio walikuwa na saratani iliyokwishasambaa: mkeka umeshonwa zamani, kumzuia mshonaji leo hakufumui mshono wa juzi.

Sababu ya mwisho ndiyo tunayoiona nzito kuliko zote, na ndiyo inayotufanya tuandike kwa urefu juu ya popoo.

17. Sasa kinajaribiwa nini?

Dawa ndogo za kumeza zinazozima ukoo mzima kwa pamoja. Mojawapo ni PXS-5505 kutoka Australia. Kwa panya wenye saratani ya kongosho, watafiti wa Taasisi ya Garvan mjini Sydney walieleza 2023 kwamba ikiunganishwa na kemo ya gemsitabini panya waliishi muda mrefu kuliko kwa kemo pekee. Kwa binadamu imejaribiwa kwanza kwenye mailofibrosisi, saratani ya damu inayojaza uboho makovu.

Njia nyingine ni kuinyima LOX shaba yake, kwa dawa iitwayo tetrathiomolibdeti inayoikamata shaba mwilini. Ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 75 wa saratani ya titi wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, na ilivumilika. Jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo lilifungua njia, halikufunga hoja.

18. Si bora kuvunja kiunzi chote cha uvimbe?

Wazo hili lilijaribiwa likaumiza. Dawa za kuondoa faibroblasti kwenye saratani ya kongosho hazikuwasaidia wagonjwa, na majaribio ya panya ya 2014 yalionyesha kwamba uvimbe ulionyang'anywa seli hizo ulizidi kuwa mkali. Kiunzi kinasaidia saratani na kinaibana pia. Kupunguza ugumu ni jambo moja, kubomoa ukuta wote ni jingine.

## Maswali ya pembeni

19. Niache vyakula vyenye shaba? Na bangili za shaba je?

Usiache chakula. Shaba kidogo ni lazima kwa damu, neva na mishipa, na kujinyima maini, dengu au korosho hakuizimi LOX ya uvimbe. Dawa za swali la 17 hutolewa kwa vipimo vya damu vya mara kwa mara, jambo lisilowezekana jikoni. Bangili haileti wala haizuii saratani. Popoo ni kesi tofauti kwa sababu shaba yake inakaa mdomoni saa nyingi ikiandamana na arekolini.

20. Supu ya makongoro na unga wa kolajeni vinalisha uvimbe?

Hapana. Kolajeni unayoila humeng'enywa kama protini nyingine kuwa asidi amino na vipande vifupi. LOX hushona kolajeni iliyotengenezwa na seli zako wewe. Mgonjwa wa saratani aliyepungua uzito anahitaji protini, na supu ni chakula.

21. Nina keloidi. Itageuka saratani?

Keloidi ni kovu lililozidi, lenye kolajeni nyingi iliyoshonwa sana, lakini si saratani na haisambai. Cha kuangalia ni kitu kingine: kidonda au kovu la moto lisilopona kwa miaka, likaanza kuvimba kingo, kutoa damu au kunuka. Hilo linaweza kuzaa saratani ya ngozi, na linapaswa kupimwa.

22. Mamografia ilisema titi langu lina uzito wa tishu. Ndiyo ugumu huu?

Siyo ugumu wa mkononi. Ni weupe kwenye picha, unaotokana na tezi na kolajeni kuwa nyingi kuliko mafuta. Wanawake wengi wanao na hawaumwi. Hata hivyo wenye uzito wa juu kabisa wana hatari ya saratani ya titi mara 4 hadi 6 ikilinganishwa na wenye uzito wa chini kabisa, na weupe huo huweza kuficha uvimbe. Muulize daktari kama unahitaji ultrasaundi pia.

23. Nimesoma kwamba LOX huzuia saratani. Kipi ni kweli?

Vyote viwili. Mwaka 1990 jini hili lilitambuliwa kama lenye uwezo wa kuzirudisha kwenye hali ya kawaida seli zilizogeuzwa na jini la saratani liitwalo RAS. Baadaye ikaonekana kwamba anayefanya kazi hiyo ni kile kipande kinachokatwa, cha swali la 3. Kimeng'enya kilichokomaa kinashona, kipande kilichoachwa kinatuliza. Ndiyo maana kipimo kinachohesabu LOX yote kwa jumla kinaweza kumchanganya msomaji.

24. Je, kutoa kinyama kwa kipimo kutausambaza ugonjwa?

Hofu ya kisu tunaikuta kila mahali, na imewachelewesha wengi. Ni kweli kidonda chochote huamsha faibroblasti na LOX, hiyo ndiyo kazi yao ya halali ya kuponya. Lakini kinachoifanya saratani isambae ni muda. Bila kinyama daktari hajui ni saratani ya aina gani wala dawa ipi itafaa, na miezi inayopotea kwa kuogopa sindano ndiyo miezi ambayo kiunzi kinaendelea kushonwa.

25. Naweza kupimwa LOX hospitalini?

Si kipimo cha kawaida cha hospitali. Kinachopimwa ni matokeo ya kazi yake, yaani ugumu. Mashine ya elastografia hupitisha mtikisiko mdogo kwenye ini na kusoma kasi yake: ini gumu hupitisha upesi, ini laini polepole. Mgonjwa hulala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa, anahisi kama anagongwa kidole mara chache kwenye mbavu, na jibu linatoka hapohapo kwa kilopaskali. Kwa mwenye homa ya ini B, namba hiyo humwonyesha daktari makovu yamefika wapi, na ikipanda kati ya ziara moja na nyingine ni wakati wa kuzungumzia dawa ya virusi na ultrasaundi ya kila miezi 6.